Msalaba Mweupe Kwenye Picha ya Itungo

Jumamosi, Kilosa.

Mvua imeanza alfajiri, ile ya kunyesha bila haraka, na uani kwangu kuna dimbwi ambalo bata wa jirani wamelihamia bila kuomba ruhusa. Kwa kawaida siku kama hii magoti yangu hunikumbusha umri. Leo hayajasema kitu. Au yamesema nami sikusikia, kwa sababu nimeshinda na furaha tangu asubuhi, na sasa naandika huku Baba Neema ananiuliza kutoka sebuleni mbona nacheka peke yangu.

Nacheka kwa sababu leo imethibitika kwamba mimi si mwongo.

Wanangu wamekua wakisikia habari za siku ndege ilipokuja kuipiga picha Itungo. Wamekua wakiisikia na wamekua wakiicheka. Katika nyumba hii mtu akitia chumvi kwenye maneno yake, wenzake humwambia, “Hiyo sasa ni ya nyani wa Mama.” Baba yao alikuwepo siku ile, lakini naye ni mtu wa kutabasamu tu na kuendelea kula. Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa shahidi peke yangu.

Kitinda mimba wangu, Neema, anafanya kazi ya ramani Morogoro. Hachori kwa kalamu na rula. Anachora kwa kompyuta. Wiki chache zilizopita alinipigia simu akasema zile picha za angani za miaka ya ujamaa, zilizokuwa zimelala makabatini, zimeingizwa kwenye kompyuta, na ameipata inayoonyesha Itungo, ule mgongo wa mlima kati ya hapa na Mikumi nilikozaliwa. Akanitumia kwenye simu.

Nilivaa miwani yangu ya kusomea, nikaifungua picha. Ilikuwa nyeusi na nyeupe. Niliuona mto Miyombo umejikunja kama uzi uliodondoka. Niliiona reli ya kwenda Mikumi. Nikapandisha kidole hadi mgongoni mwa mlima, mahali msalaba unapotakiwa kuwa, nikakuza, nikakuza tena. Ukungu. Mabaka ya kijivu yasiyo na kichwa wala miguu.

Nikampigia Neema. Akasema kwa upole, “Mama, hapo mimi sioni msalaba.”

Afadhali angecheka.

Nilimwambia si neno, nikakata simu, nikaenda kupepeta mchele ambao ulikwishapepetwa. Nilianza hata kujishuku. Mtu akisimulia jambo miaka mingi, anaweza kweli kujua ni kipi alichokiona na kipi alichokizoea kukisema?

Basi ngoja niliandike lote hapa, kwa asiyelijua.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa binti mbichi, nimetoka shule ya misheni, nimepewa darasa la elimu ya watu wazima Itungo. Wanafunzi wangu walikuwa rika la wazazi wangu na la babu zangu. Nilianza kila kipindi kwa kuwaamkia shikamoo mmoja mmoja, wakaitikia marahaba, ndipo niliporuhusiwa kuwafundisha kushika chaki.

Wakati huo nyumba zetu zilikuwa zimetawanyika mlimani, kila ukoo na mtaa wake, kila mtaa na migomba yake. Ikaja amri ya kukaa pamoja. Kukaa pamoja hatukukubishia sana. Shule na zahanati tulivitaka. Ubishi ulikuwa tukae wapi. Katibu wa kata alitaka tushuke tambarare, kando ya mto, ambako lori lingefika na saruji ingeshushwa. Wazee walitaka tukusanyike huku huku juu, penye chemchemi.

Mzee Salum ndiye aliyesema maneno ninayoyakumbuka mpaka leo. Alikuja Kilosa zamani kukata mkonge, mkonge ukaisha, yeye akabaki, akaoa kwetu, na hakuna aliyemkumbuka tena kuwa mgeni. Alisimama mkutanoni na kanzu yake nyeupe, akasema, “Ndugu Katibu, pale chini mto una kwake. Huwa unasafiri, lakini hurudi nyumbani.”

Katibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana, ana amri kutoka juu na ana ramani. Akaifungua ramani mezani kwangu, juu ya madaftari ya wanafunzi. Ilikuwa ya zamani, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Mto ulikuwepo, reli ilikuwa imeongezwa kwa wino, lakini mgongo wa mlima ulikuwa mweupe. Hapakuwa na chemchemi, nyumba, wala njia.

“Mnaona wenyewe,” alisema. “Ramani inasema kule juu hakuna kitu.”

Bibi yangu, Bibi Mbumi, aliyezaliwa mlimani pale na kuzika pale waume wawili, aliniomba nimwonyeshe penye maneno hayo. Nikamwambia, Bibi, hakuna maneno, ni karatasi tu haijachorwa. Alipitisha kiganja chake juu ya ule weupe kama anayefuta vumbi. “Kumbe hapa ndipo tunapoishi,” alisema, na watu wakacheka, ila yeye hakucheka.

Baada ya siku si nyingi akaja mpima ardhi na gari la serikali, mtu mwembamba mwenye kofia ya majani, mchangamfu. Tulimwita Ndugu Mpima. Alieleza kwamba ramani mpya inatengenezwa, na safari hii haitachorwa na mtu anayetembea porini. Ndege itapita juu na kupiga picha nchi nzima ya huku, kipande kwa kipande. Kila kilichopo kitaonekana. Lakini picha ikishapigwa haijui ni ya wapi. Lazima iwe na alama ambayo wapimaji wanajua hasa ilipo juu ya uso wa nchi. Na mgongoni petu palikuwa na bikoni, lile jiwe la zege la wapimaji wa zamani, ambalo sisi tulilitumia kunolea mapanga.

Akatuachia jora la marekani nyeupe. Tufyeke majani kulizunguka jiwe, tutandike kitambaa kwa umbo la msalaba, mikono yake iwe mirefu kushinda nyumba, tukibane kwa mawe. Ndege itakuja siku ambayo anga ni safi, hakuna moshi wala wingu. Siku gani, hata yeye hajui.

“Msalaba usipoonekana?” niliuliza.

“Hapo picha ya kwenu tutashindwa kuifunga mahali pake,” alisema. “Watatumia ramani ile ile ya zamani.”

Aliposema hivyo aliniangalia mimi. Nilikuwa mwalimu, nilijua kusoma, basi msalaba ukawa wangu.

Tuliutandika vizuri. Ulikuwa unang'aa mpaka unaumiza macho. Waislamu wachache waliokuwepo waliuliza kwa nini umbo liwe la msalaba, na Mzee Salum akawajibu kwamba kwake yeye ni alama ya kujumlisha, kama niliyomfundisha ubaoni. Mambo yakaisha hapo. Kila asubuhi nilipanda kuukagua kabla ya darasa. Siku zikapita, hakuna ndege.

Kisha ikaja asubuhi ambayo anga ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Nilipofika juu, msalaba haukuwepo.

Walikuwepo nyani. Kundi zima, wametulia, na mmoja mkubwa amekaa juu ya bikoni kama mwenyekiti. Mawe yote tuliyoyabanizia yalikuwa yamegeuzwa. Anayeishi karibu na Mikumi anawajua nyani: akiona jiwe lazima aligeuze, chini yake kuna wadudu. Mawe yalipotoka, upepo ukafanya kazi yake, na watoto wa nyani wakamalizia. Marekani yetu ilikuwa vipande vipande juu ya miiba, na kitoto kimoja cha nyani kilikuwa kimejitanda kipande kichwani, kinaniangalia kama mama wa kanisa.

Hapo ndipo wanangu huanza kucheka. Lakini mimi siku ile nilikaa chini nikalia.

Nikiwa bado nimekaa, nikausikia mlio.

Ulitoka upande wa Mikumi, mwembamba, wa juu sana. Nikaiona ndege, ndogo kama nzi, inakwenda moja kwa moja bila kuyumba mpaka ikapotelea mashariki. Nikadhani imekwisha kwenda. Mara ikarudi, njia nyingine, karibu yetu kidogo. Ikaenda, ikarudi, ikasogea. Nikaelewa. Ilikuwa inalima anga kwa matuta, na kila tuta lilikuwa linaisogeza Itungo.

Nilikimbia kuteremka. Sijui nilianguka mara ngapi. Shuleni kulikuwa na kipande cha reli kilichotundikwa mtini, ndiyo kengele yetu. Nikakigonga, nikakigonga mpaka mikono ikafa ganzi.

Watu wakaja na majembe na ndoo, wakidhani ni moto. Kutoka relini akaja mbio kijana mmoja wa genge la matengenezo ya njia, Fidelis, ambaye mpaka siku ile nilikuwa nimemsalimia kwa mbali tu. Babu zake walikuja toka Songea kufanya kazi za mkonge. Alikuwa amevaa shati jipya jeupe, kwa sababu alikuwa anakwenda Mikumi kwenye ubatizo wa mtoto wa kaka yake.

“Moto uko wapi?” aliuliza.

“Hakuna moto,” nilisema. “Nyani wamechukua msalaba. Leteni kila kitu cheupe mlichonacho. Sasa hivi!”

Nadhani hakuna mwalimu aliyewahi kutoa amri ya ajabu kama ile, na hakuna aliyetiiwa haraka kama mimi. Watu walitawanyika, kisha tukawa tunapanda mlima na mizigo myeupe: mashuka, nepi za watoto, kitambaa cha meza cha mke wa balozi wa nyumba kumi, magunia ya unga yaliyofuliwa. Mzee wa kanisa alifungua sanduku la kwaya akatoa majoho yote ya waimbaji, akasema atamweleza Bwana Yesu mwenyewe. Fidelis alilivua shati lake akabaki na fulana. Kisha akaivua na fulana.

Bibi Mbumi alipanda mwisho, polepole, na fimbo yake. Kwapani alikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa kamba. Nilikitambua. Ilikuwa sanda yake. Alikuwa ameinunua miaka mingi nyuma, kitambaa safi kabisa, na alikuwa akikianika juani kila baada ya masika ili kisiote ukungu.

“Bibi, hapana,” nilimwambia. “Hiyo hapana.”

“Nimekufa?”

“Hujafa, Bibi.”

“Basi leo sina kazi nayo. Tandika.”

Niliitandika. Ilikuwa ndefu na nyeupe kuliko kitu kingine chochote pale, ikawa mkono mzima wa kaskazini.

Ndege ilikwenda, ikarudi. Sasa tuliona hata jua likimetameta kwenye bawa lake. Mkono wa kusini ulitimia, wa magharibi ukatimia. Wa mashariki ukapungua. Ulikuwa mfupi kama mkono wa mtoto, na hapakuwa na kitambaa kingine Itungo nzima.

Macho ya watu wote yakaenda kwenye kanzu ya Mzee Salum.

“Mzee,” nilianza, nikapiga goti, “shikamoo tena.”

“Marahaba tena. Najua unachotaka, Mwalimu, na haiwezekani.” Akanisogelea akanong'ona, lakini alikuwa mzito wa masikio, na mnong'ono wake ulisikika mpaka kwa nyani. “Ndani sina kitu.”

Mlio uliongezeka. Hatukuwa na nafasi hata ya kucheka. Mzee Salum aliitazama ndege, akatutazama sisi, akavua kofia yake, akaenda mwisho wa mkono wa mashariki, akalala chali na kanzu yake, miguu imebanwa, mikono imenyooka ubavuni.

“Watu wote waondoke hapa!” alipiga kelele akiwa amelala. “Mnaniharibia picha!”

Wakati huo Katibu alikuwa amefika akihema, na suti yake ya kijivu. Hakuwa na kitu cheupe mwilini. Nilitegemea maneno. Badala yake aliinama, akaokota mawe, akaanza kubana pindo za mashuka, na mtu mmoja alipokanyaga joho alimfokea kama vile msalaba ule aliuagiza yeye. Kisha sote tukakimbilia vichakani, na ndege ikapita juu yetu.

Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mti mmoja na Fidelis, kifua wazi. Kivuli cha ndege hakikutufikia; ilikuwa juu mno. Ni mlio tu ulioingia mpaka tumboni, ukatoka.

Mzee Salum alikataa kuamka mpaka ndege ipotee kabisa. Alisema labda itataka kurudia.

Shati la Fidelis lilikuwa na madoa ya majani na ya wadudu waliopondeka. Nililichukua nikalifua, nikalipiga pasi ya mkaa. Alilifuata Jumapili. Jumapili iliyofuata alikuja tena, ingawa shati alikuwa nalo tayari.

Baadaye, mvua zilipokuwa zinakaribia, Ndugu Mpima alirudi na picha iliyokuzwa, kubwa kama mlango. Mgongo wa mlima ulikuwa umejaa: nyumba, vijia, migomba, na chemchemi imezungukwa na weusi wa miti. Katibu aliitazama muda mrefu. Hakusema amekosea, wala hatukumdai aseme. Aliuliza tu, “Mita ngapi kutoka kwenye maji hadi hapa pa wazi?” Tukajua tumepona.

Ndugu Mpima alikuwa na swali lake pia. “Msalaba wenu una mkono mmoja umevimba mwishoni. Mlitumia kitambaa gani?” Mzee Salum alikuwepo. Akaanza kujikung'uta kanzu.

Sitaki kusema kila kitu kilikuwa sukari. Kijiji kiliwekwa juu, lakini mitaa ya mbali ilivunjwa, na migomba ya Bibi Mbumi tuliiacha porini. Shamba la pamoja lilipelekwa tambarare, kando ya mto. Masika ya mwaka uliofuata mto ulirudi nyumbani kwake kama tulivyoambiwa. Mahindi ya kijiji yalikwenda yote na tukala mihogo mpaka tukaichukia. Lakini hapakuwa na nyumba pale chini. Hakufa mtu. Nilisimama juu na wanafunzi wangu tukiyatazama maji mekundu yamejaa mahali ambapo ningelala mimi.

Ndiyo habari yenyewe. Sasa nirudi kwenye leo.

Neema alifika asubuhi amelowa, kompyuta ameiweka ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine. Hata chai hakunywa.

“Mama, ile niliyokutumia ilikuwa JPEG,” alisema. “Ofisini walinipa kwanza nakala nyepesi. Nimeomba ile yenyewe. Ni TIFF, imejaza flashi yangu yote.”

Nikamwambia anieleze kama mwanafunzi wa elimu ya watu wazima. Akaeleza vizuri; nadhani kanirithi. Picha ndani ya kompyuta, alisema, ni vijisanduku vidogo vidogo vilivyopangwa kwa mistari, na kila kijisanduku kina namba inayosema ni cheusi kiasi gani. TIFF inahifadhi namba ya kila kijisanduku kama ilivyo, ndiyo maana ni nzito. JPEG inataka kuwa nyepesi ili ipite kwenye simu, basi inaangalia vijisanduku vya jirani, ikiona vinakaribia kufanana inavikadiria kwa pamoja. Kitu kikubwa hakiumii. Kitu kidogo kilichojitenga kinamezwa.

“Kama Katibu na nyumba zetu,” nilisema.

Alicheka mpaka akakohoa.

Akafungua programu yake ya ramani, dunia nzima ikatokea, kisha akaiingiza picha. Nikatafuta Kilosa. Haikuwepo. Neema akasogeza, akasogeza, akaivuka Kongo, akatoka nje kabisa ya bara. Picha ya Itungo ilikuwa inaelea baharini, upande wa Afrika Magharibi.

“Imefuata nini huko?” Baba Neema aliuliza. Alikuwa amesogeza kiti chake bila sisi kumwona.

“Haijui kwao, Baba. Picha isiyo na anwani, kompyuta inaiweka kwenye sifuri, na sifuri ya dunia iko baharini. Tunaipa pointi tunazozijua, halafu tunaihifadhi kama GeoTIFF. Hiyo inabeba anwani yake ndani. Ukiifungua popote, inakwenda kwao yenyewe.”

Tukaanza kumpa pointi. Baba Neema, ambaye hakumbuki alipoweka miwani yake jana, alilikumbuka kila daraja la reli ile ya ujana wake. “Hapo, kona. Si hiyo, inayofuata. Hapo niling'atwa na nge.” Mimi nilimpa pembe ya kanisa. Pointi zote zilikuwa za bondeni. Neema akasema inahitajika moja ya juu, la sivyo mlima utakaa upande.

“Bikoni bado ipo?” aliuliza.

“Ipo,” nilisema. “Wanainolea mapanga.”

Akapandisha picha kwenye mgongo wa mlima. Akakuza. Nyumba zikatokea, paa kwa paa. Akakuza tena. Njia ya chemchemi. Akakuza mpaka vijisanduku vyenyewe vikaanza kuonekana, kama mkeka uliosukwa kwa rangi ya majivu.

Katikati ya mkeka ulikuwepo. Mweupe kabisa. Mikono minne.

Mvua tu juu ya bati. Kisha Neema akaufuata mkono wa kaskazini kwa mshale wake, ule mrefu ulionyooka, na akauliza kwa sauti ya chini, “Hii ni ya Bibi Mbumi?”

Nikaitikia kwa kichwa. Bibi aliishi miaka mingi baada ya siku ile. Sanda tuliifua, tukaianika, akairudisha sandukuni. Alipofariki tulimzika nayo, na ni mimi niliyeifungua.

Mkono wa mashariki umevimba mwishoni. Na mbele kidogo ya uvimbe, pembeni, kuna kijisanduku kimoja cha kijivu cheusi, peke yake.

“Hicho ni kichwa cha Mzee Salum,” nilisema.

“Mama, inaweza kuwa vumbi kwenye filamu.”

“Alivua kofia.”

“Kwa kipimo hiki siwezi kuapa—”

“Ni kichwa,” alisema Baba Neema.

Miaka yote hii, neno lake la kwanza la ushahidi! Nilimgeukia. Akasema alidhani najua kwamba anakumbuka. Alikuwa mezani wakati wote, alisema, kwa nini aseme, wakati mimi nasimulia vizuri kuliko yeye? Watu wawili wanaweza kukaa nyumba moja namna hii mpaka wazeeke.

Neema akakipiga picha kile kijisanduku kwa simu akawatumia kaka zake bila maelezo. Majibu yameanza kuingia. Yohana ameandika, “Nisamehe Mama.” Daudi ameuliza kama nyani nao wanaonekana.

Nimeamua kwamba kesho baada ya ibada, barabara ikipitika, tunapanda Itungo wote watatu. Wajukuu wa Mzee Salum wako kule, na watoto wa wenye mashuka. Neema atawatolea JPEG kwa ajili ya simu zao, na TIFF tutaiacha shuleni, ndani ya kompyuta ya mwalimu mkuu, nzima, isiyokadiriwa.

Jioni hii picha imekwishatoka baharini. Imelala mahali pake, reli ya zamani juu ya reli ya leo, kona juu ya kona. Neema alitaka kuihifadhi. Kompyuta ikamwuliza jina.

“Andika Itungo,” alisema Baba Neema.

“Itungo nimekwishatumia kwenye faili nyingine, Baba. Na lisiwe refu. Mama?”

Nilifikiri. Niliuona tena ule weupe wa ramani ya Katibu, na kiganja cha Bibi kikipita juu yake.

“Andika ‘tupo’,” nilisema.

“Tupo tu?”

“Tupo.”

Akaandika, akabonyeza.